Fimbo, mpira na viatu: Mjadala usiokwisha katika gofu

WAPENZI wa mchezo wa gofu walipata jambo jipya la kubishania Mei 2025, baada ya kubainika kuwa fimbo kubwa za wachezaji wawili waliokuwa wakiongoza orodha ya ubora duniani zilikuwa zimeshindwa katika vipimo, siku chache kabla ya kuanza kwa mashindano ya PGA Championship kwenye uwanja wa Quail Hollow, mjini Charlotte, Marekani.

Wachezaji hao walikuwa Scottie Scheffler wa Marekani na Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini. Hakuna aliyeadhibiwa, kwa kuwa fimbo hizo zilikuwa halali zilipotoka kiwandani na zilipoteza uhalali wake kutokana na kutumika. Kila mmoja alitakiwa kuiweka kando fimbo yake na kuchukua nyingine.

Matokeo yakawapa wabishi wa pande zote mbili la kusema. McIlroy, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Masters mwezi mmoja tu kabla, alihangaika na fimbo yake ya akiba na kumaliza nje ya 40 bora. Scheffler, aliyepatwa na mkasa uleule, aliibuka bingwa kwa tofauti ya mikwaju mitano.

Je, ni fimbo inayoshinda au ni mkono unaoishika? Swali hilo ni la zamani kama mchezo wenyewe, lakini katika miaka ya karibuni limekuwa zito zaidi, kwa sababu sasa linagusa urefu wa viwanja, ardhi na maji yanayotumika kuvitunza, faida za viwanda na mfuko wa mchezaji wa kawaida anayetaka kununua vifaa kama vya mabingwa.

Fimbo halali inavyogeuka haramu

Fimbo inayozungumziwa hapa ni ile ndefu kuliko zote, ambayo wachezaji huiita draiva na huitumia kuanzia shimo. Kwa miongo mingi kichwa chake kilichongwa kwa mbao ngumu. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ya Marekani ilianza kuuza draiva yenye kichwa cha chuma, na mwaka 1991 Callaway ikatoa Big Bertha, iliyokuwa na kichwa kikubwa kuliko kawaida ya wakati huo. Bernhard Langer wa Ujerumani, aliyeshinda Masters mwaka 1993, anakumbukwa kama bingwa wa mwisho wa shindano kubwa kutumia draiva ya mbao.

Baada ya chuma ilikuja titani, madini mepesi na magumu yaliyowawezesha watengenezaji kukuza kichwa huku wakipunguza unene wa uso wake. Uso mwembamba hubonyea kidogo unapogonga mpira, kisha hurudi na kuusukuma, mithili ya ngozi ya ngoma iliyokazwa vizuri. Kadiri unavyobonyea na kurudi, ndivyo mpira unavyoondoka kwa kasi.

Ili jambo hilo lisivuke mipaka, sheria zimeweka vikomo viwili. Kwanza, ujazo wa kichwa usizidi sentimita za ujazo 460. Pili, muda ambao kifaa maalumu cha kupimia hubaki kimegusana na uso wa fimbo usizidi sehemu 239 za milioni ya sekunde, pamoja na nyongeza ya sehemu 18 inayoruhusiwa kwa ajili ya tofauti za utengenezaji na upimaji. Ikifika 258, fimbo hiyo haifai tena.

Tatizo ni kwamba uso wa draiva hubadilika kadiri unavyotumika. Mchezaji wa kulipwa huzungusha fimbo kwa kasi inayozidi kilomita 180 kwa saa, tena mara nyingi kila siku. Uso huchoka, hulegea, na kabla ya kupasuka huwa na mneso mkubwa kuliko siku ulipotoka dukani. Hivyo fimbo inaweza kuvuka kikomo bila mwenyewe kufanya hila yoyote.

Kesi ya 2025 haikuwa ya kwanza. Mwaka 2019, Xander Schauffele wa Marekani aliambiwa kuwa draiva yake imeshindwa kwenye vipimo kabla ya mashindano ya The Open huko Royal Portrush, Ireland ya Kaskazini. Alilalamika hadharani kwamba si wachezaji wote waliopimwa. Miaka sita baadaye Scheffler naye alisema kwamba kama fimbo zinapimwa, basi vipimo viwe vikali na vifanyike mara nyingi zaidi.

Hoja hiyo ina uzito. Kupima fimbo za baadhi ya wachezaji pekee kunaacha mwanya wa mtu kushinda kwa fimbo iliyopita kikomo bila yeyote kujua, hata yeye mwenyewe.

Mashindano manne yenye uzito

Mabishano ya vifaa huwaka zaidi katika mashindano manne makubwa ya wanaume kwa sababu hapo ndipo historia huandikwa. Msimu hufunguliwa na Masters, inayofanyika Aprili katika uwanja wa Augusta National, jimbo la Georgia, tangu mwaka 1934. Hufuatiwa na PGA Championship mwezi Mei, US Open mwezi Juni na The Open mwezi Julai. The Open ndiyo kongwe kuliko zote, kwani ilianza mwaka 1860 huko Prestwick, Scotland.

Hadi kufikia mwaka 2025, wanaume waliokuwa wamewahi kuyashinda yote manne katika maisha yao walikuwa sita tu: Gene Sarazen, Ben Hogan, Gary Player, Jack Nicklaus, Tiger Woods na McIlroy, aliyekamilisha idadi hiyo Aprili 2025 alipomshinda Justin Rose wa Uingereza kwenye shimo la nyongeza la Masters.

Jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau ni kwamba mashindano hayo hayana mwenyeji mmoja. Masters huendeshwa na klabu ya Augusta National yenyewe. PGA Championship iko chini ya chama cha walimu na wataalamu wa gofu wa Marekani, PGA of America. US Open ni ya Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, wakati The Open ni ya taasisi ya R&A yenye makao yake St Andrews, Scotland.

Kati ya hao, USGA na R&A ndio wanaotunga sheria za mchezo kwa dunia nzima, zikiwamo za vifaa. Wao ndio waliokubaliana, mwishoni mwa miaka ya 1930, kwamba mchezaji asibebe zaidi ya fimbo 14. Kabla ya hapo baadhi ya wachezaji waliingia uwanjani na fimbo 20 au zaidi, moja kwa kila hali, na wabebaji wao wakaumia migongo. Uamuzi huo ulitokana na fikra ileile inayotawala mjadala wa leo, kwamba kifaa kisichukue nafasi ya ustadi.

Mpira, chanzo cha ugomvi mkubwa

Wakati draiva ndiyo inayoonekana, wataalamu wengi wanauona mpira kuwa kiini cha suala lote. Historia inawaunga mkono.

Mipira ya kale ilikuwa ya ngozi iliyojazwa manyoya ya ndege. Mwaka 1848 ikaja mipira iliyotengenezwa kwa utomvu wa mti wa gutta-percha wa kusini mashariki mwa Asia, ambayo ilikuwa rahisi na imara. Mwaka 1898, Coburn Haskell wa Ohio, Marekani, alibuni mpira wenye kiini kilichozungushiwa nyuzi za mpira zilizokazwa. Mscotland Sandy Herd alishinda The Open ya mwaka 1902 kwa mpira huo, na haukupita muda mrefu mipira ya utomvu ikatoweka mashindanoni.

Karne moja baadaye jambo hilo lilijirudia. Mwaka 2000 Tiger Woods aliacha mpira wa nyuzi na kuchukua mpira wa Nike wenye kiini kigumu. Juni mwaka huo alishinda US Open kwenye uwanja wa Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Titleist ikaingiza mpira wake wa kiini kigumu, Pro V1, katika mashindano ya kulipwa, na wachezaji wengi wakauhamia kwa mkupuo.

Siri ya mipira hiyo ni tabaka zake. Kiini kigumu huufanya mpira uende mbali bila kuzunguka mno unapopigwa na draiva, wakati ganda laini la nje huuwezesha kujizungusha na kusimama haraka unapopigwa kwa fimbo fupi karibu na shimo. Awali mchezaji alilazimika kuchagua moja: mpira wa kwenda mbali au mpira wa kutii. Sasa anapata vyote viwili.

Athari yake inaonekana kwenye takwimu. Mwaka 1980, wastani wa umbali wa mikwaju ya draiva katika mashindano ya PGA Tour ya Marekani ulikuwa takriban yadi 257, sawa na mita 235. Mwaka 2023 wastani huo ulikaribia yadi 300, sawa na mita 274. Si mpira pekee uliochangia. Wachezaji wa leo wana miili iliyojengwa kwa mazoezi, makocha wanaotumia rada na kompyuta, na fimbo zilizopimwa kulingana na maumbile yao. Hata hivyo, mpira ndicho kifaa pekee kinachotumika katika kila mkwaju.

Viwanja vimelazimika kukimbizana na mpira. Woods aliposhinda Masters mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 21, uwanja wa Augusta ulikuwa na urefu wa yadi 6,925. Kufikia mwaka 2024 ulikuwa umefika yadi 7,555, yaani nyongeza ya zaidi ya nusu kilomita. Mwaka 2023 shimo la 13, ambalo ni maarufu kwa mashabiki wa televisheni, lilirefushwa kwa yadi 35 ili kuwarejeshea wachezaji mashaka ya kuvuka au kutovuka kijito kilicho mbele ya shimo.

Augusta ina uwezo wa kununua ardhi ya jirani. Viwanja vingi havina uwezo huo. Uwanja mrefu unataka ardhi zaidi, maji zaidi, mbolea zaidi na muda zaidi wa kuuzunguka. Viwanja vya zamani vilivyobanwa na barabara, bahari au nyumba za watu haviwezi kurefushwa, na vinaweza kuonekana havifai tena kwa mashindano makubwa ingawa ndivyo vilivyoulea mchezo.

Uamuzi wa Desemba 2023

Kutokana na hali hiyo, Desemba 2023 USGA na R&A walitangaza kubadili namna ya kuupima mpira. Kikomo cha umbali kilibaki yadi 317, pamoja na nyongeza ya yadi tatu zinazovumiliwa, lakini kasi ya fimbo inayotumika katika kipimo ilipandishwa kutoka maili 120 hadi maili 125 kwa saa, sawa na kilomita 201. Kwa maneno mengine, mpira utapigwa kwa nguvu zaidi maabara, lakini hautaruhusiwa kufika mbali kuliko awali. Mipira mingi iliyokuwa ikitumika wakati huo isingefaulu kipimo hicho.

Kwa makadirio ya taasisi hizo, wapigaji wa mbali kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15 kwa draiva. Wanaume wengine wa kiwango cha juu watapoteza yadi 9 hadi 11, wanawake wa kulipwa yadi 5 hadi 7, na wachezaji wengi wa kawaida yadi tano au pungufu. Tarehe zilizotangazwa wakati huo zilikuwa mwaka 2028 kwa mashindano ya juu na mwaka 2030 kwa wachezaji wote, ingawa mazungumzo kuhusu utekelezaji yaliendelea hata baada ya tangazo.

Waliounga mkono ni pamoja na Nicklaus, mshindi wa mashindano makubwa 18, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitaka mpira upunguzwe kasi, pamoja na Woods na McIlroy. Hoja yao ni kwamba umbali ukiwa rahisi kupatikana, ustadi wa kuuelekeza mpira, kuupinda na kuchagua fimbo inayofaa hupungua thamani.

Waliopinga wana hoja zao pia. PGA Tour na PGA of America walionyesha mashaka, na watengenezaji wa vifaa, ikiwamo kampuni inayotengeneza Titleist, walieleza kutoridhika. Wanasema watazamaji hupenda kuona mpira ukipaa, na kwamba si haki kumpunguzia umbali mchezaji wa wikiendi ambaye hajawahi kulalamikiwa kuwa anapiga mbali mno.

Awali, Machi 2023, taasisi hizo zilipendekeza mpira mpya uwe wa mashindano ya juu pekee. Pendekezo hilo lilikataliwa na wengi kwa sababu lingegawa mchezo katika sehemu mbili, moja ya mabingwa na nyingine ya watu wa kawaida. Hilo si jambo dogo. Gofu ni miongoni mwa michezo michache ambayo mtu wa kawaida anaweza kutumia mpira uleule na fimbo zilezile anazotumia bingwa wa dunia, tena pengine katika uwanja uleule.

Fimbo ya mwisho na vita vya kifua

Ugomvi mwingine uliacha alama kubwa ni ule wa fimbo ndefu za kusukumia mpira shimoni. Baadhi ya wachezaji waliiegemeza ncha ya juu ya fimbo hiyo tumboni au kifuani ili mikono isitetemeke. Keegan Bradley alishinda PGA Championship ya 2011 kwa mtindo huo, akafuatiwa na Webb Simpson katika US Open ya 2012, Ernie Els wa Afrika Kusini katika The Open ya 2012 na Adam Scott wa Australia katika Masters ya 2013.

Watunga sheria waliona kwamba kuegemeza fimbo mwilini kunaondoa sehemu ya jaribio lenyewe, yaani kuitawala mikono wakati wa shinikizo. Kuanzia Januari 1, 2016 mtindo huo ulipigwa marufuku. Fimbo ndefu yenyewe haikukatazwa, mradi isiegemezwe.

Kwa upande mwingine, wapo wanaobuni bila kuvunja sheria. Bryson DeChambeau wa Marekani amejulikana kwa fimbo za chuma zenye urefu mmoja, kinyume na desturi ya kila fimbo kuwa na urefu wake. Mwaka 2024 alishinda US Open huko Pinehurst akitumia fimbo zilizochapwa kwa mashine ya tabaka tatu-dimensheni, ambazo ziliidhinishwa Aprili mwaka huo, katika juma la Masters.

Mashindano makubwa pia huuza vifaa kuliko tangazo lolote. Nicklaus aliposhinda Masters ya 1986 akiwa na umri wa miaka 46, alitumia fimbo ya kusukumia yenye kichwa kikubwa ambacho wengi walikicheka. Baada ya Jumapili ile, maagizo ya fimbo hiyo yalimiminika kiwandani. Walioinunua hawakununua pamoja nayo mikono ya Nicklaus.

Viatu: kutoka njumu za chuma hadi soli laini

Watu wengi wanaoanza gofu hutumia fedha nyingi kwenye draiva na kufikiria viatu mwishoni. Wataalamu wanashauri kinyume. Mzunguko wa mashimo 18 humchukua mchezaji zaidi ya saa nne na kumtembeza kilomita zinazoweza kufika nane au zaidi. Aidha, nguvu ya mkwaju huanzia ardhini. Mguu ukiteleza wakati mwili unajizungusha, mpira huenda pembeni hata kama fimbo ni ya bei mbaya.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, viatu vya gofu vilikuwa vya ngozi vyenye njumu za chuma. Viliushika udongo vizuri, lakini vilichana nyasi fupi zinazozunguka shimo na kuacha alama zilizopotosha mwendo wa mpira. Ubaya ni kwamba sheria za wakati huo zilimkataza mchezaji kusawazisha alama hizo katika njia ya mpira wake. Ruhusa ya kuzirekebisha ilikuja Januari 2019, pale sheria za mchezo zilipoandikwa upya.

Katika miaka ya 1990 ziliingia njumu za plastiki, na klabu nyingi zikaanza kukataza zile za chuma. Hatua iliyofuata ilikuwa kiatu kisicho na njumu, chenye vinundu vidogo vya mpira kwenye soli, ambacho mtu anaweza kukivaa kutoka nyumbani hadi uwanjani na kurudi. Mvuto wake uliongezeka baada ya Fred Couples kuonekana na viatu vya aina hiyo vya Ecco, bila soksi, katika Masters ya 2010. Couples, aliyekuwa na umri wa miaka 50, aliongoza baada ya siku ya kwanza na kumaliza wa sita.

Tukio jingine lililowagusa mashabiki lilikuwa la Woods katika Masters ya 2022. Akirejea uwanjani baada ya kuumia vibaya mguu katika ajali ya gari ya Februari 2021, alionekana amevaa viatu vya FootJoy, ingawa wakati huo alikuwa bado na mkataba na Nike. Kwa mtu mwenye mguu uliounganishwa kwa vyuma, uthabiti wa kiatu ulikuwa na uzito kuliko nembo.

Kwa mchezaji wa kawaida uchaguzi hutegemea hali ya uwanja. Kiatu chenye njumu za plastiki hufaa kwenye nyasi zenye unyevu, miteremko na wakati wa mvua. Kiatu kisicho na njumu hufaa kwenye ardhi kavu na tambarare, na huwa chepesi kwa safari ndefu. Mvua za masika zinapokuwa zimelowesha nyasi, ngozi isiyopitisha maji ina faida kuliko kitambaa laini kinachovutia macho dukani.

Hewa ya Nairobi na fimbo za pwani

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika mjadala huu. Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, yamewahi kushindwa na vijana waliokuja kutwaa koti la kijani la Masters. Seve Ballesteros wa Hispania alishinda Kenya mwaka 1978, kisha Masters mwaka 1980 na 1983. Ian Woosnam wa Wales alishinda Kenya mwaka 1986 na Masters mwaka 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda Kenya mwaka 2000 na Masters mwaka 2008.

Viwanja vya Muthaiga na Karen, ambavyo vimeandaa mashindano hayo, viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, huupinga mpira kwa nguvu ndogo, na mpira huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia sita au zaidi kuliko pwani. Mkwaju unaofika mita 150 jijini Dar es Salaam unaweza kukaribia mita 160 jijini Nairobi bila mchezaji kubadili chochote.

Kwa hiyo mchezaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayepanda kwenda Nairobi au Arusha hahitaji draiva mpya. Anahitaji kujua kuwa fimbo aliyoizoea itaupitiliza mpira, na kwamba katika hewa nyepesi mpira haupindi sana kama alivyozoea. Elimu hiyo haiuzwi dukani, lakini huokoa mikwaju.

Mnunuzi azingatie nini

Katika mchezo ambao vifaa vingi huagizwa kutoka nje na bei yake hupanda kila fedha za kigeni zinapopanda, uchaguzi usio sahihi una gharama. Wapo wanaonunua fimbo kwa kuwa bingwa fulani anazitumia, bila kujua kwamba fimbo hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kasi ya juu. Mpini mgumu unaomfaa McIlroy humnyima umbali mtu anayezungusha fimbo taratibu. Vilevile uso wa draiva uliosimama mno hufanya mpira ukose kupaa.

Kanuni ya kwanza ni kupimwa. Urefu wa mchezaji, kasi yake na namna anavyozungusha fimbo ndivyo viamue urefu wa mpini, ugumu wake na mwinamo wa uso. Fimbo zilizotumika ambazo zinalingana na mwili wa mnunuzi ni bora kuliko mpya zisizolingana naye.

Kanuni ya pili ni kuwa sheria inaweka ukomo wa fimbo 14, haimlazimishi mtu kuzijaza. Anayeanza anaweza kujifunza vizuri kwa fimbo saba au nane. Tatu, mchezaji achague aina moja ya mpira na kudumu nayo, kwani mikono haiwezi kujifunza umbali wa mpira unaobadilika kila wiki.

Kanuni ya nne inahusu mahali mikwaju inapopotea. Katika uwanja wa mikwaju 72, hesabu ya kawaida hutenga mikwaju miwili ya kusukuma kwa kila shimo, yaani 36, ambayo ni nusu ya yote. Draiva hutumika mara 14 au pungufu katika mzunguko mmoja. Lakini madukani, draiva ndiyo inayowekwa mbele, na fimbo ya kusukumia huchaguliwa kwa dakika chache.

Woods mwenyewe ni mfano. Katika maisha yake ya uchezaji amebadili mipira, draiva, fimbo za chuma na hata viatu, kutegemea mikataba na hali ya mwili wake. Lakini kati ya mataji yake 15 ya mashindano makubwa, 14 aliyatwaa kwa fimbo moja ileile ya kusukumia, aliyoanza kuitumia mwaka 1999. Haikuwa mpya kila msimu, wala haikuwa na teknolojia ya kutisha. Ilikuwa tu fimbo ambayo mikono yake ilikuwa imeizoea.